Shukrani kwa jirani uliyetuyeyushia bomba lililoganda

Jirani wetu wa ng'ambo ya barabara, hapa kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, hukutaka jina lako litajwe, nasi tunaliheshimu hilo. Asante sana kwa kuja kutusaidia maji yalipoganda ndani ya bomba letu kwa baridi.

Asante kwanza kwa kukataa kabisa moto wa gesi usikaribie bomba, maana ukuta wa mbao hushika moto upesi. Ulifungua koki ya sinki, kisha ukapuliza hewa ya moto kwa mashine ya kukaushia nywele ukianzia karibu na koki, ukirudi nyuma taratibu kuelekea ukutani. Sababu uliieleza vizuri: ukianzia katikati, maji yaliyoyeyuka hunaswa kati ya barafu mbili, shinikizo hupanda, bomba hupasuka. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na mara nyingi ufa haujulikani mpaka barafu iyeyuke. Ndiyo maana ulimweka mtu kwenye valvu kuu, ile ya kufunga maji ya nyumba nzima, muda wote.

Usiku wa baridi kali sasa tunaacha koki ichuruzike kidogo, na milango ya kabati chini ya sinki wazi ili joto la chumba lifike.

Na lile shauri lako la majivu ya jiko la kuni, ambalo pengine uliliona dogo: ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje, mbali na ukuta na sakafu ya mbao, kwani makaa huweza kukaa hai siku kadhaa ndani ya majivu. Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Kuni zako za wiki ijayo tuachie sisi tuzipasue.