Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: vifua vya watoto visikilizwe

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

YAH: WATOTO WENYE HITILAFU YA VALVU YA MAPAFU

Salaam. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu, mkazi wa Ujiji. Naandika hadharani ili wazazi nao wasome.

Kliniki ya watoto tunapima uzito, tunachanja, tunajaza kadi, tunamwita anayefuata. Kifua hakisikilizwi mpaka mtoto aumwe. Akija anahema, anaandikiwa dawa ya kichomi. Akirudi anahema vilevile, dozi nyingine. Lakini mtoto anayehema kila mara bila homa wala kikohozi, moyo wake ndio wa kuulizwa kwanza.

Valvu ninayoisema, yaani kilango cha moyo kinachozuia damu isirudi nyuma, ipo pale damu inapotoka chemba ya kulia ya moyo kwenda mapafuni kuchukua oksijeni. Ina vijipande vitatu. Wengi wenye hitilafu yake wamezaliwa nayo: vijipande vimegandana, damu inapenya kwa shida, na msuli wa upande wa kulia unanenepa kwa kusukuma. (Ile homa ya baridi yabisi inayoanzia kooni hushambulia zaidi valvu za upande wa kushoto.)

Njia hiyo ikibana na papo hapo kukawa na tundu kati ya chemba mbili za chini, damu isiyo na oksijeni inavuka na kwenda mwilini. Mtoto huyo utamjua uwanjani. Anakimbia kidogo, anachuchumaa, midomo na kucha zimegeuka bluu. Wenzake wanamwita mvivu, jirani anasema karogwa. Kumbe kuchuchumaa ni dawa aliyojigundulia mwenyewe: mishipa ya miguuni inabanwa, presha ya mwilini inapanda, damu zaidi inalazimika kupita mapafuni.

Ninachoomba si jengo. Kila kituo kinachozalisha kiwe na kipima oksijeni chenye kishikizo cha mtoto mchanga, si kile cha watu wazima kinachoteleza kwenye kidole chake. Mtoto akitimiza saa 24, kabla mama hajaruhusiwa, apimwe mkono wa kulia na mguu mmoja. Ikisoma chini ya asilimia 90, rufaa siku hiyohiyo.

Kifaa hicho hakitamkamata mwenye valvu iliyobana kidogo. Oksijeni yake ni nzuri tu. Huyo ananaswa kwa sikio. Wahudumu wakumbushwe kuweka stetoskopu kushoto mwa mfupa wa kifua, chini kidogo ya ubavu wa pili, na kutulia wakisikiliza mvumo wa damu inayopenya kwa shida. Kwenye kliniki yenye kelele hilo ni gumu, nalijua. Basi watengewe hata kachumba.

Wazazi nao wasiambiwe kwamba ugonjwa wa moyo ni kusubiri kifo. Tangu 1982 valvu iliyobana inafunguliwa kwa puto dogo linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, kifua hakipasuliwi. Tatizo letu ni umbali: Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Mzazi hawezi kuuza shamba kwenda kuuliza tu kama kuna ugonjwa.

Na wapo waliokwenda, wakatibiwa kwa puto au kwa kupasuliwa, wakarudi wazima. Hao ndio wananikosesha usingizi zaidi. Valvu iliyopanuliwa utotoni inaweza kuvuja miaka mingi baadaye, chemba ya kulia ikatanuka taratibu bila mwenyewe kuhisi kitu, mpaka siku anaanza kuchoka akipanda mlima au akiwa mjamzito. Anahitaji ultrasaundi ya moyo kwa vipindi, maisha yake yote. Ofisi yako iwe na daftari la watu hawa, kijiji kwa kijiji, pamoja na namba za simu za walezi.

Madaktari bingwa wa moyo wanapokuja mkoani, tafadhali tarehe itangazwe wiki kadhaa kabla, misikitini, makanisani na redioni. Mtu wa Kalya anategemea boti, na ziwa likichafuka hatoki.

Wako katika huduma,
Muuguzi mkunga mstaafu, Ujiji