Wageni wako wakija Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Umeniambia wenzako watatu wa Nairobi wanashuka Miritini na treni ya Ijumaa usiku, na kwa kuwa wewe ndiwe unayeishi Tudor sasa, wanatazamia uwatembeze mpaka Jumapili. Umetaka orodha ya mahali pazuri pa kuona na pa kula. Nitakupa, lakini kwanza shika hili: Mombasa haiendi kwa mahali, huenda kwa saa. Meza ile ile inayokupa mahamri ya moto saa moja asubuhi itakupa ya kutafuna kwa nguvu saa nne. Ukikosea saa, wenzako watarudi na habari kwamba chakula cha Mombasa ni cha kawaida tu, na watakuwa wamesema kweli kwa walichokionja.

Jumamosi waamshe mapema. Saa moja unusu muwe Mji wa Kale, upande wa Kibokoni, mkitafuta mahamri na mbaazi. Usichague kwa bango wala kwa viti, chagua karai. Pale ambapo mahamri yanatoka kwenye mafuta mbele ya macho yenu, kaeni. Hamri zuri limefura pande zote mbili, ukilipasua ni tupu ndani, na mvuke wake una iliki kabla hujalitia mdomoni. Likiwa zito na vidole vimelowa mafuta, karai halikupata moto wa kutosha. Likiwa jeusi nje na bichi katikati, moto ulizidi.

Mbaazi ndizo hasa za kuchunguza, kwa sababu hapo ndipo wapishi wengi huharibu. Mbaazi kavu hulazwa majini usiku kucha, zikachemshwa taratibu mpaka zipasuke zenyewe. Kisha hutiwa tui la pili, lile jepesi, lizikaushie ladha ndani. Tui zito la kwanza huja mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo na mwiko ukizunguka. Likiachwa lichemke kwa fujo hukatika: mafuta hupanda juu na maji hubaki chini, nawe utaliona bakulini kabla ya kuonja. Mwenye haraka hutia magadi zilainike upesi, na hizo huwa uji wenye kaladha ka sabuni. Mbaazi inayotakikana ni nzima, laini, imevikwa rojo jeupe linalong'ang'ania hamri. Agiza mahamri manne kwa kila mmoja na bakuli moja kwa watu wawili, kisha muongeze. Msianze na rundo litakalopoa mezani.

Kutoka hapo tembeeni mpaka Ngome ya Yesu, ambayo hufunguliwa saa mbili. Ingieni wakati huo, maana mawe yale ya matumbawe hunywa jua, na ikifika saa tano ua wa katikati ni tanuri. Kila mtu awe na kitambulisho chake mfukoni, kwani kiingilio cha Mkenya na cha mgeni si kimoja, na simu ziwe na pesa na chaji kwa ajili ya malipo. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Waambie wenzako wasipite mbio kwenye picha za ukutani: mabaharia wa Kireno walichora meli na watu kwa makaa na udongo mwekundu, na mistari yao bado inasomeka. Kisha pandeni kwenye nyumba ya Waomani juu ya pembe ya ukuta. Hapo simameni muutazame mlango wa bahari, ndipo hadithi ya Ngome kuzingirwa na Waomani, tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, inapoeleweka. Waliokuwa ndani walitegemea meli za msaada zipite katika mkondo ule mwembamba mnaouona. Waingereza nao waliigeuza jela tangu 1895 hadi 1958. Saa moja na nusu inatosha. Vijana wanaojitolea kuwaongoza mlangoni wengine wanajua mengi sana, ila bei isemwe na ikubaliwe kabla ya hatua ya kwanza.

Mkitoka, shikeni njia ya Mbarak Hinawy. Msikiti wa Mandhry wa 1570 utaujua kwa mnara wake mnene unaochongoka juu, na ni msikiti unaosaliwa mpaka leo, basi utazameni kwa nje na kwa heshima. Endeleeni hadi Bandari ya Kale, kisha mrudi kwa Ndia Kuu mkiangalia milango na roshani. Hizo ni nyumba za watu, mwanangu. Wenzako wasipige picha ya mama barazani pake bila kumwomba, na wavae nguo za kufunika mabega na magoti. Wakitoa salamu vizuri wataitikiwa, na pengine watafunguliwa mlango wauone ua wa ndani.

Jumamosi hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri, piteni soko la Marikiti na Mtaa wa Biashara, kwa kuwa Jumapili maduka mengi yamefungwa. Leso huuzwa pacha, vipande viwili vimeungana, na sharti vikatwe na kupindwa ndipo vivaliwe. Mafundi wako hapo hapo wakiwa na cherehani. Someni jina, yaani maandishi yake, kabla ya kununua. Leso husema, na mtu asimpelekee mama mkwe maneno asiyoyajua maana.

Chakula cha mchana ni wali wa nazi na samaki wa kupaka. Island Dishes pale Kibokoni ni karibu na mlipo. Samaki wa kupaka huchomwa kwanza kwenye makaa, halafu hupakwa tui zito lililopikwa na ukwaju, thomu, tangawizi na pilipili, akarudishwa motoni, akapakwa tena. Kama tui limemwagwa juu ya samaki wa kukaanga, huyo si wa kupaka, ni wa kudanganyia. Uliza ni samaki gani na amevuliwa lini, muuzaji mwaminifu hatachukia. Wakati wa upepo wa kusi, tangu Aprili hadi Septemba hivi, bahari huchafuka, samaki wa mwambani huwa haba na bei hupanda. Kaskazi ikishavuma utapata changu na tafi kwa urahisi zaidi. Biriani usiwape Jumamosi ikiwa mtaweza kuila Ijumaa nyingine, maana siku yake ni Ijumaa baada ya sala, na masufuria huisha upesi.

Baada ya hapo laleni. Sisemi mzaha, jua la saa nane halina faida kwa mtu.

Saa kumi na moja kasoro muwe Mama Ngina, kule ufukweni upande wa Laitihausi. Kaeni chini ya mibuyu mkielekea bahari. Meli za makontena zinazoingia Kilindini hupita karibu mno hata mkayahesabu makontena. Hapa ni muhogo na madafu. Muhogo ukiuona umerundikwa sinia zima, umeshapoa na utakuwa kama kuni. Ngoja wa karaini, au ule wa kuchoma unaopasuliwa katikati mbele yako, ukapakwa ndimu, chumvi na pilipili. Mwambie muuzaji pilipili kidogo kwa ajili ya wageni, kwa sababu mkono wake umezoea midomo ya pwani. Kwa dafu, jifunze neno moja: ukitaka maji tu, omba la maji, ukitaka na ile nyama laini ndani, omba la kukomba. Akikupa lenye nyama ngumu, hilo limekuwa koroma, na una haki ya kulirudisha. Likishakwisha maji, atalipasua na kukuchongea kijiko kutoka ganda lake.

Msishibe hapo. Kuanzia saa moja usiku ndipo makaa ya mshikaki yanapokaa sawa. Tarboush, Barabara ya Makadara, ni pa kukaa mkiwa wengi. Lakini hata kwenye majiko ya barabarani utaujua mshikaki kwa jino: nyama hulainishwa kwa papai bichi la kusaga, pamoja na thomu, tangawizi na ndimu. Papai likikaa saa nyingi mno nyama hulegea ikawa unga mdomoni, na lisipotiwa hubaki raba. Sawa sawa ni ile inayokatika bila kuvutwa na bado ina nyuzi zake. Agiza na viazi vya karai, vyenye ngozi ya unga yenye manjano, na chatini ya ukwaju pembeni, si juu, visije vikalowa. Funga usiku kwa kahawa chungu ya mwenye dele, lile birika la kahawa. Kikombe ni kidogo makusudi. Hunywewa kwa kashata au kipande cha halwa, kisha huongezewa.

Jumapili asubuhi angalieni mwezi kabla ya kupanga pwani. Ukiwa mpevu au mwandamo, ni bamvua: maji hujaa hadi ukingoni, halafu hukupwa mbali mkaachiwa mwani na miamba. Anayetaka kuogelea aende maji yanapojaa. Anayetaka kutembea mwambani aende yakipwa, na viatu miguuni kwa ajili ya urumbu wa baharini, maana miiba yake hukatikia ndani ya nyayo. Kama wanataka wanyama na kivuli, Haller Park huko Bamburi ilikuwa machimbo matupu ya kiwanda cha saruji, ikaoteshwa mivinje kuanzia 1971, na majongoo ndiyo yaliyosaga majani ya mivinje yakawa udongo. Likoni vukeni kwa miguu, feri hailipishi aendaye kwa mguu. Mabegi yawe kifuani. Pembe za ndovu za Moi Avenue mtazipita tu, picha moja na muendelee.

Ujio wao ukiwa umeangukia Ramadhani, geuza mpango wote: mchana Mji wa Kale majiko ni baridi, na kuanzia alasiri hadi magharibi mitaa hujaa kaimati, vitumbua na mkate wa sinia. Mle baada ya adhana pamoja na wengine.

Za kubeba nunueni mwisho, siku ya safari. Halwa huvumilia siku nyingi bila friji, basi si ya kuhofia. Mabuyu yafungwe mahali pakavu, yakipata unyevu hushikana kuwa jiwe na rangi ikachafua nguo. Achari ya embe itiwe kwenye chupa ya mfuniko wa kuzungusha, kisha mfuko, kisha mfuko mwingine, na ikae wima miguuni mwa mwenyewe ndani ya treni, si juu kwenye mabegi ya watu.

Nipigie simu Jumapili usiku.

Mamako