Harambee ya dawa za maalim wetu na wenzake: zisikatike

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, mama zetu, vijana wa mtaa, na ndugu zetu mlioko Unguja, Dar es Salaam, Muscat na London.

Wengi mliopita chuoni kwetu hapa Wete mmefundishwa alifu na maalim wetu, na mnaukumbuka mwandiko wake ubaoni. Miaka yake ya mwisho ya kusomesha, mstari ulianza vizuri upande wa kulia, ukifika kushoto herufi zimekuwa ndogo hata watoto wa mbele wanainuka kuzisoma. Kabla ya hapo, msimu wa karafuu, nyumba nzima inanukia majamvi ya uani, yeye anasema hasikii harufu yoyote. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo. Mkono ulipoanza kutetemeka ndipo maneno yakaanza: kachezewa, ana shetani. Akasomewa, akafukizwa. Dua hatuiachi, lakini daktari alipompima alisema ni ugonjwa wa Parkinson, na tangu hapo tumewajua majirani wengine wenye maradhi hayo hayo, baadhi yao wamefichwa ndani kwa aibu.

James Parkinson, tabibu wa London, aliyaeleza maradhi haya mwaka 1817. Yanatokana na kufa kwa seli za neva zinazotoa dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo wa mwili. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo imeshakwenda. Kupoteza harufu na kufunga choo huweza kutangulia kwa miaka.

Kwa nini zinakufa? Daktari kijana wa hapa hapa alitusomesha baada ya Isha, na alitumia mfano wa muuza kahawa. Vikombe vyake ni vichache, wanywaji barazani ni wengi, na kazi inakwenda kwa sababu kila kikombe kinarudi, kinasuuzwa na kujazwa tena. Kwenye ncha ya neva, dopamini hukaa ndani ya vifuko vidogo mno. Kifuko huungana na ukuta wa seli, kikaimwaga dopamini kwenye sinapsi, yaani upenyo kati ya neva na neva, kisha utando wake na protini zake huvutwa ndani tena kwa kuvishwa koti la protini iitwayo klathrini. Koti hilo lazima livuliwe ndipo kifuko kijazwe upya, na wenye kazi ya kulivua ni protini nyengine, oksilini na sinaptojanini. Mwaka 2012 na 2013 zilitangazwa familia ambazo jeni za protini hizo zina kasoro, na watu wao wameshikwa na ugonjwa huu wakiwa watoto au vijana. Sinaptojanini ina kazi ya pili: husaidia protini zilizochakaa kwenye ncha ya neva zikusanywe na kuvunjwavunjwa. Na alfa-sinukleini, protini ambayo makazi yake ni ncha hizo hizo, ndiyo inayokutwa imeganda mabonge ndani ya ubongo wa wagonjwa wengi. Familia hizo ni chache duniani, na kwa wagonjwa wengi chanzo hasa hakijajulikana, ila wataalamu wameoneshwa mahali pa kuchimba. Basi lipi hapo la kumnong'ona mtu?

Dawa ya kuponya haipo. Iliyopo ni levodopa, hutolewa pamoja na kabidopa, dawa inayoisaidia ifike ubongoni, na ubongo huigeuza kuwa dopamini. Akiimeza kwa wakati wake, maalim hufunga vifungo vya kanzu mwenyewe na kwenda msikitini kwa miguu. Ikichelewa, hukwama kizingitini, mguu haubanduki chini. Kuikatisha ghafla ni hatari: mgonjwa huweza kukakamaa, akapandwa na homa kali, hata kufa. Nasi tumeshaona bahari imechafuka, dawa dukani hakuna, na mwanawe anakata vidonge nusu nusu kwa kisu ili vifike Jumatatu.

Kwa hiyo pesa ya kwanza yote ni ya dawa: kila mgonjwa awe na akiba ya miezi mitatu mbele. Ikizidi, ni nauli ya boti ya mgonjwa na mtu wa kumshika mkono, wakaonane na daktari wa neva. Vyuma vya kushikilia vyooni tusichangie, mafundi wa mtaa wamejitolea.

Mwenye 2,000 alete 2,000, mwenye laki asitubanie. Mlioko nje msingoje Ramadhani. Mshika fedha anapokea kila siku baada ya Alasiri barazani pa msikiti, na hesabu itasomwa kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, pamoja na risiti za dawa.

Wako wanaouliza kuhusu upupu. Ni kweli mbegu zake zina levodopa, lakini hakuna ajuaye kiasi gani kimo kwenye kikombe ulichochemsha jikoni, kwa hiyo tusimnyweshe mzee juu ya dawa zake. Na vidonge vilivyobaki majumbani msituletee. Tunanunua kwa cheti cha daktari tu.