Kwa nini tunabandika namba ya tarakimu tisa kwenye kamera yako

Mama mmoja wa Tukuyu anayekusanya parachichi alitupigia simu alfajiri, hata jogoo hajamaliza kuwika. "Mwanangu, kamera ya stoo imekufa." Tukapakia ngazi na nyaya hapa dukani kwetu Mwanjelwa, Mbeya, tukakata kona ya Uyole, tukapambana na ukungu wa Isongole, kama kilomita 70 hivi mpaka stoo. Kufika, kamera inawaka taa ya kijani. Inarekodi kila kitu, hata sisi tulivyoingia na matope yetu ilitunasa.

Haikuwa imekufa, ila ilikuwa imehama. Usiku umeme ulikatika, na uliporudi ruta, kile kisanduku kinacholeta intaneti, ikawaka upya, kampuni ya simu ikaipa laini ile anwani nyingine ya intaneti. Simu ya mama ikawa inabisha hodi kwenye nyumba ya jana. Tulimtoza nauli ya kwenda na kurudi, na mpaka leo nikikumbuka naona haya kidogo.

Tangu safari ile hatufungi kamera, kipima joto cha chumba cha baridi wala kidhibiti cha pampu bila kukibandikia stika yenye namba. Wateja wengi huuliza hiyo namba ni ya nini. Wengine hudhani ni namba ya simu yetu, wakaipiga.

Ile namba ni domeni. Ni jina la mtandaoni kama majina mengine yote, ila limeandikwa kwa tarakimu tupu na kumalizikia na nukta xyz. Anwani halisi za intaneti, zile za aina ya zamani ambazo bado zinatumika sana, hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na simu, ruta na kamera ni nyingi kuliko hizo. Ndiyo maana kampuni za simu hazikupi anwani ya kudumu. Zinakuazima, na ukizima zinampa mwingine. Mfumo wa majina uliobuniwa mwaka 1983 unatibu tatizo hilo kwa namna rahisi: jina linakaa palepale, anwani iliyo nyuma yake inabadilishwa. Kifaa tunachokufungia kinatoa taarifa kila baada ya dakika chache, "sasa niko hapa," na jina linaelekezwa huko. Wewe unaendelea kufungua jina lilelile.

Sasa kwa nini namba na si jina zuri la Kiswahili? Tulianza na majina. Tulikuwa na kamera iliyoitwa kwa jina la duka la Kabwe, mwenyewe akaihamishia shambani Igurusi, na jina likabaki linadanganya. Tulikuwa na vipima joto viwili vya ndugu wawili wenye jina moja la ukoo. Halafu jaribu kumsomea mtu jina refu lenye vistari kwenye simu, yuko sokoni, matoroli yanapita. Namba watu wameshazizoea. Mita ya LUKU ina namba 11, tokeni ina tarakimu 20, na kila mtu hapa mjini anaziingiza gizani bila kulalamika. Wachina walishaona hilo zamani: tiketi zao za treni zinauzwa kwenye tovuti inayoitwa 12306, ambayo ndiyo pia namba ya kupiga simu.

Kuna sababu nyingine ambayo mimi naiona nzito zaidi. Ile kufuli ndogo unayoiona kwenye kivinjari inatokana na cheti cha kuthibitisha jina la mtandaoni, na vyeti hivyo vinaandikwa kwenye daftari la wazi ambalo mtu yeyote duniani anaweza kulisoma. Ukiita kamera yako "stoo ya dhahabu Makongolosi", umeshamtangazia mwizi kila kitu kabla hajanyanyuka kitini. Namba haisemi ni ya nani wala inalinda nini.

Waendeshaji wa xyz waliamua mwaka 2017 kuuza domeni zote za tarakimu tupu, kuanzia sita hadi tisa, kwa senti 99 za dola kwa mwaka. Ukizihesabu zinafika bilioni 1.111. Wauzaji wengine huongeza chao, lakini bado ni chini sana ya domeni ya kawaida.

Kuchagua namba kulitufundisha kwa kutuumiza. Mwanzoni tulichukua namba zinazoanza na sifuri kwa sababu zilionekana nadhifu. Tukaziweka kwenye Excel, Excel ikafuta sifuri za mbele, na namba ya tarakimu tisa ikageuka ya tarakimu sita, ambayo nayo ni domeni halali ya mtu mwingine kabisa! Baadaye tukachukua zinazoanza na 7. Namba za simu za Tanzania ukiondoa sifuri ya mwanzo zinabaki tarakimu tisa, kwa hiyo mteja akitumiwa namba kwenye WhatsApp aliigusa, ikapiga, na kijana mmoja asiyetujua akachoka kuulizwa habari za kamera. Siku hizi tunaepuka 0, 6 na 7 mwanzoni. Na usisahau kuandika nukta xyz mwishoni. Namba tupu kivinjari kinaweza kuisoma kama anwani: andika http:// kisha 3232235777, utashangaa kujikuta unaelekezwa 192.168.1.1, ambayo kwenye nyumba nyingi ni ruta yenyewe.

Domeni tunaiandikisha kwa jina lako na barua pepe yako. Hapa ndipo tunapobishana na mafundi wenzetu. Ingekuwa rahisi kwetu kuwa na domeni moja ya duka na kutundika vifaa vya wateja wote chini yake, bila kulipia chochote cha ziada. Ila tumeshapokea mteja kutoka Makambako ambaye fundi wake wa kwanza alifanya hivyo, kisha akaacha kazi na kuacha kulipia. Vipima joto vinne vya mbegu za viazi vikapotea mtandaoni siku moja, vyote vizima, vyote vinafanya kazi, hakuna anayeweza kuvifikia. Ikiwa namba ni yako, ukitugombeza leo kesho unampa fundi mwingine nayo inaendelea. Kazi yako ni moja: kulipia kila mwaka. Ukiiacha ikaisha, mtu mwingine anaweza kuichukua, na programu kwenye simu yako itampelekea yeye nywila zako.

Namba haitibu kila kitu. Fungua ukurasa wa ruta yako uangalie anwani ya upande wa nje. Ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, au ikianza na 10 kisha nukta, ujue laini yako inashiriki anwani moja na watu wengine wengi, na hakuna jina litakalokufikisha ndani moja kwa moja. Laini nyingi za simu ziko hivyo. Hapo tunaweka kijisanduku kinachofungua njia kutoka ndani kwenda kwenye seva yetu, yaani kompyuta yetu inayowaka muda wote, na namba inaelekezwa kwenye seva. Huduma hiyo ina ada ya mwezi, na ukweli ni kwamba gharama iko hapo, si kwenye domeni.

Wala namba si kufuli. Wapo wanaojaribu namba moja baada ya nyingine siku kutwa, kwa hiyo hatukupi namba inayofuatana na ya jirani yako, na hatuondoki kabla hujabadilisha nywila ya kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, na mwezi Oktoba zikatumika kuiangusha Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikihudumia majina ya mtandaoni. Tovuti kubwa zikazimika kwa saa kadhaa. Kamera za watu wa kawaida tu, kama ya kwako.

Kwa tovuti ya biashara au barua pepe usitumie hizi namba. Vichujio vya barua taka vinazishuku domeni za bei ya chini. Huko chukua jina linaloishia na co.tz, la Tanzania.

Yule mama wa Tukuyu siku hizi hasemi kamera imekufa. Anapiga, anasoma tarakimu tatu za mwisho za stika, anasema, "305 haioneshi, 306 inaonesha." Hapo tunajua umeme upo na ruta nzima, tatizo ni kamera moja au waya wake. Mara nyingi tunamwelekeza kwa simu, anachomoa, anachomeka, yanaisha bila sisi kuuona ukungu wa Isongole.