Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Majibu ya Maji ya Hori Letu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheha wetu, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi, wavuvi, mama zetu mnaochokoa kombe wa magamba topeni, wageni wetu watafiti kutoka Unguja na nje ya nchi, wanafunzi wenzetu, Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Nawe Mheshimiwa tunakushukuru kwa kukubali kuja Chake Chake, Pemba, kuzungumza habari za tope, maana si kila mgeni hukubali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kazi ya klabu yetu ni hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Mvua ikinyesha, maji hushuka mabondeni, hupita kwenye mipunga, huzoa udongo, mbolea, maji ya makaro na pampasi za watoto, na yote hayo huishia chini kwenye mikoko. Hapo ndipo maji ya mvua yanapokutana na maji ya chumvi. Chembe za udongo zilizokuwa zikielea zikipata chumvi hushikana, huwa nzito, huzama. Sumu nyingi, zikiwemo madini ya risasi na zebaki, husafiri zimenata kwenye chembe hizo. Kwa hiyo anayepima maji peke yake amepima nusu ya habari. Maji yakipwa yamekwenda zake. Tope linabaki, na kombe wanaishi humo humo.

Chombo chetu cha kwanza ni kisahani cheupe cha sentimita 30, tulichokikata kwenye mfuniko wa ndoo ya rangi, tukakifunga chubwi na kamba yenye mafundo. Unakishusha majini mpaka kikupotee machoni, unahesabu mafundo. Ndiyo njia aliyoitumia padri na mwanafalaki wa Italia, Angelo Secchi, mwaka 1865 katika Bahari ya Mediterania, na mpaka leo wanasayansi wa bahari hawajaiacha. Masika iliyopita, siku ya bamvua, kisahani chetu kilipotea kabla hakijafika magotini.

Vimelea vya kinyesi, Mheshimiwa, ni habari nyingine. Hivyo kisahani hakivioni, na wala havina subira. Chupa ya maji inatakiwa iwekwe kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa sita. Sisi tuliteka maji alfajiri, tukanunua barafu kwa muuza malai, tukakimbilia bandari ya Mkoani kuwahi boti. Boti ikachelewa. Chupa zilifika Unguja vuguvugu kama chai iliyosahauliwa, na mtaalamu akazimwaga mbele ya mwenzetu. Tuliudhika, lakini alikuwa na haki: maji yale yangetoa jibu la uongo.

Hapo ndipo tulipofahamu maana ya kushirikiana na mataifa. Si kupiga picha na wageni, ingawa picha nazo tutapiga. Ni kukubaliana namna moja ya kupima, ili namba ya Pemba iweze kukaa meza moja na namba ya Mombasa au Maputo. Maabara ya bahari ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, iliyoko Monaco, huandaa tope la aina moja na kuligawa kwa maabara za nchi mbalimbali. Kila moja hupima kivyake, kisha majibu hulinganishwa. Tulipoelezwa hilo tulicheka, kwa sababu ni mtihani wa majaribio hasa, isipokuwa wanaofanyishwa ni wakubwa.

Nchi yetu imo katika Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 wa kulinda eneo hili la Magharibi ya Bahari ya Hindi, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapa hapa Zanzibar. Lakini mfano uliotupendeza zaidi ni wa Tokyo. Mwaka 2005 Profesa Hideshige Takada alianza kupokea kwa posta punje za plastiki zinazookotwa fukweni na watu wa kawaida duniani kote, zikapimwa sumu zilizonata, kisha aliyetuma bahasha anarudishiwa majibu yake.

Anarudishiwa majibu, Mheshimiwa. Tunalisema mara mbili kwa sababu hapa kwetu kuna bibi mmoja, mchokoaji wa zamani, ambaye kila akiona chupa zetu huuliza, "Na hizi nazo zinakwenda moja kwa moja?" Anakumbuka wageni waliokuja miaka ya nyuma, wakajaza chupa, wakachimba tope, wakamhoji mpaka jua likamchoma, wakaondoka. Hakusikia tena. Hatujui kama kombe wake walikutwa salama au la, na yeye anaendelea kuwala.

Kwa hiyo tuna maombi mawili.

La kwanza, maji yetu yapimwe Pemba. Kipimo kimojawapo cha vimelea si kikubwa: maji huchanganywa na dawa, hufungwa kwenye sahani ya vishimo, hukaa saa 24 kwenye joto la nyuzi 41, na vishimo vyenye vimelea hung'ara chini ya taa maalumu. Wawi tunayo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyoanza mwaka 2000 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na Waitaliano. Hiyo inatuonyesha kwamba sayansi ya kimataifa inaweza kufanyiwa kazi kisiwani hapa hapa, bila kusubiri boti.

La pili, kila ruhusa ya utafiti horini iwe na sharti kwamba majibu yatarudi kwenye shehia, kwa Kiswahili, yaandikwe ubaoni pale diko, wavuvi wanaposhukia. Yakiwa mazuri tuyaone, na yakiwa mabaya ndiyo tuyaone zaidi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maji yanaanza kupwa saa saba mchana huu. Kidau kipo tayari, na kisahani tumekiosha. Tunakuomba baada ya chakula uteremke nasi, ukishushe mwenyewe, na fundo utakalolisoma wewe tutaliandika kwenye daftari pamoja na jina lako.

Tunaomba kuwasilisha.