Kiraka si aibu, vyerehani vitolewe stoo

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba kuwafundisha watoto kushona kwa mkono ni kupoteza muda, maana mitumba imejaa sokoni, na viraka ni vya maskini. Barua ile niliisoma mara mbili, sindano ikiwa mkononi.

Nimefundisha sayansikimu shule za msingi kwa miaka 31. Tangu nistaafu, kila Jumamosi nafundisha kushona mifarishi, yaani matandiko ya kujifunika yaliyoungwa kwa viraka, barazani kwangu, hapa Ngamiani. Vitambaa tunapewa na mafundi: mabaki ya vitenge ambayo jioni yangechomwa moto. Wanafunzi wangu ni wanawake tisa na kijana mmoja wa bodaboda, na huyo kijana ndiye mwenye mshono mzuri kuliko wote.

Anayedhani hii ni kazi ya kubahatisha aje ajaribu. Kitambaa hufuliwa kwanza, kichuje rangi na kirudi kabisa, ndipo tukate miraba ya inchi tano kwa kufuata uzi. Mshono ni robo inchi. Ukizidisha hata upana wa uzi mmoja kila mshono, ukifika kiraka cha 12 safu mbili hazikutani tena. Nimewafumulisha watu safu nzima, wakanuna, wakashona upya. Upande wa juu ukikamilika, katikati tunatia blanketi kuukuu na chini shuka, kisha tunapiga bandi, mishono ya kushikiza matabaka yote matatu, kuanzia katikati kwenda pembeni, mfarishi usije ukakunjika kwa ndani.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja alileta kanga saba za marehemu mama yake, nyingine zimechanika pindo. Kuzivaa hakuweza, kuzigawa hakuweza. Ilipofika saa ya kukata, mkono ukamtetemeka, akanipa mkasi. Nikakata mimi, lakini jina moja, "Nani kama mama", nililiacha zima, tukaliweka katikati. Ilimchukua miezi minne. Siku aliyomaliza alijifunika pale pale barazani, jua la saa nane, na sote tukanyamaza. Kwa hiyo ndugu yangu msomaji, hivyo ndivyo viraka ninavyovifundisha.

Ninalo ombi. Katika shule niliyostaafia, vyerehani sita vya kukanyaga vimefungiwa stoo tangu nilipoondoka. Viwili panya wamekula mikanda. Vinne vilivyobaki vikitiwa mafuta vitashona leo hii. Mara mbili nimekwenda kuomba kuvitumia na watoto, mara mbili nimeambiwa nisubiri kibali. Sidai mshahara wala posho. Naomba ufunguo wa stoo, na watoto wa darasa la tano kwa saa mbili kila Ijumaa mchana. Mafuta ya cherehani nitakuja nayo mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga