Nesi aende kwa mganga

Mhariri, tangu Marekani waipitishe ile Cobenfy Septemba 2024, dawa mpya ya skizofrenia (ugonjwa wa akili ambao mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo), watu wanatumiana kwenye magrupu eti dawa ya kichaa imepatikana. Mi siipingi, na kweli ina upya wake, maana kuanzia klopromazini ya mwaka 1952 kule Ufaransa (wengi tunaijua kama lagaktili) dawa za skizofrenia karibu zote zinabana dopamini (kemikali ya kupitisha ujumbe) kwenye ubongo, hii inapita njia nyingine. Ila jamani, huku kwetu mgonjwa hajakwama kwa kukosa Cobenfy. Kakwama kwa mganga au kwa nabii, wengine na minyororo miguuni, hospitali tunampeleka hela ikiisha.

Binamu yangu alianza kusikia sauti akiwa sekondari, ukoo ukasema katupiwa jini na shangazi mmoja (mpaka leo hawasalimiani), akazungushwa kwa waganga weee mpaka shamba likauzwa, alafu sindano ya hospitali ya kila mwezi ndo ikamfanya alale usiku.

Sasa utafiti ambao ningependa gazeti lenu liuandike ni ule wa Ghana na Nigeria, ulitoka kwenye jarida la Lancet 2020. Walichukua wagonjwa 307 waliokuwa tayari wapo kwa waganga na kwenye makambi ya maombi maeneo ya Kumasi na Ibadan, hawakuwaondoa, wakawagawa makundi mawili, kundi moja wakalipelekea wahudumu wa afya kulekule. Mganga anaendelea na dua zake na dawa zake ila hapigi wala hafungi mtu, na mhudumu anatoa vidonge na sindano na kufuatilia. Baada ya miezi 6 hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma za kawaida tu. Na hakuna aliyelazimishwa kuacha kuamini majini!

Najua madaktari watasema mnawapa waganga kichwa. Kwani sasa hivi hawana? Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linawasajili siku zote, kwa hiyo majina yapo, wizara ianze na hao, iwapelekee manesi.

Kuhusu chanzo, wanasayansi 2022 walitaja sehemu 287 za vinasaba zinazohusiana na huu ugonjwa, yaani hakuna jeni (kinasaba) moja ya kulaumiwa wala jini lolote, ongeza bangi nyingi ujanani na matatizo wakati wa kuzaliwa, na hata mapacha wa kufanana mmoja anaweza kuugua mwingine akawa mzima kabisa. Kwa hiyo wale mnaomsema mama kwamba kamlea vibaya mtoto hebu acheni.

Na huyo nesi atakayetumwa apewe haloperidoli (dawa ya zamani ya skizofrenia) na sindano za kutosha, maana akienda mikono mitupu mganga atamcheka na atakuwa na haki.

Msomaji wenu,
Morogoro